Miezi Minane ya Esha

Jumatatu, 6 Januari 2025

Naiomba radhi shajara hii. Mara ya mwisho niliiandikia mwezi wa Ramadhani uliopita, tena nikaahidi kuandika kila siku. Sababu za kimya ni tatu. Miwani ilivunjika, kisha msimu wa korosho ukaingia, kisha uvivu. Ya tatu ndiyo ya kweli.

Leo nimerudi kwa kuwa nina jambo.

Binti yangu Hafidha amepata kazi Bagamoyo mjini, katika karakana ya kukausha matunda. Ataanza Jumatatu ijayo. Atakuwa akiondoka hapa Kiwangwa alfajiri na kurudi magharibi. Mumewe ni dereva wa lori, naye huonekana nyumbani kwa nadra kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo mtoto wao, Esha, atashinda na mimi. Nilidhani jambo hilo limekwisha.

Halikwisha. Baada ya chakula Hafidha alikaa mkekani mbele yangu, akasema kwa adabu zote kwamba ananiheshimu, lakini wiki iliyopita alirudi akamkuta Esha juu ya paa la banda la kuku, nami chini yake nimesinzia. Nikamwambia sikusinzia, nilikuwa nikitafakari. Akauliza tangu lini watu wakatafakari kwa kukoroma.

Uamuzi wake ni huu. Ama Esha apokelewe darasa la awali katika shule yetu ya msingi, shule zinapofunguliwa Jumatatu, ama aende Vigwaza kwa mama mkwe wake, Bi Zuleha. Huko kijiji kina kituo chake cha kulelea watoto. Na Bi Zuleha, alisema, hatafakari mchana.

Vigwaza si jirani. Ni safari ya magari mawili.

Si kwamba nitamkosa mtoto. Hafidha na Esha walihamia kwangu miaka miwili iliyopita, mke wangu alipofariki. Kabla hawajaja nilikaa mwezi mmoja peke yangu katika nyumba hii. Nilifika mahali nikawa namwitikia salamu msoma taarifa wa redioni. Lakini hoja yangu si hiyo. Hoja yangu ni elimu.

Nimekwenda kulisoma tangazo ukutani mwa ofisi ya kijiji. Mtoto wa awali awe ametimiza miaka mitano ifikapo mwisho wa Desemba. Aje na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Asiye navyo, aje na barua ya mtendaji wa kijiji. Hakuna ada. Esha ana miaka minne na miezi minne. Imepungua miezi minane. Miezi minane ni nini? Nimewahi kuingoja barua ya kupandishwa daraja muda mrefu kuliko huo.

Cheti na kadi vimo sandukuni mwa Hafidha. Nimeamua kwamba havimo.

Jumanne, 7 Januari

Nimeamka na mpango kamili.

Nilifundisha katika shule hii miaka thelathini na mmoja, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo mimi ndiye niliyepima watoto wa kuanza darasa la kwanza. Vyeti vilikuwa haba. Mtoto alisimama wima, akapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, akashika sikio la kushoto. Akilifikia, umri umetimia. Asipolifikia, arudi mwakani. Wazazi walilia, walibembeleza, walileta kuku. Niliwaambia kwamba sikio halihongeki.

Watoto wale walikuwa na hila. Walilaza kichwa, walipandisha bega, walivuta sikio juu kwa mkono wa pili nilipogeuka. Niliwagundua wote. Hapa kijijini hakuna anayezijua hila hizo kama mimi. Kwa hiyo hakuna mwalimu bora wa kuzifundisha.

Jaribio la kwanza: vidole vya Esha vimeishia juu ya sikio, umbali wa kucha tatu. Nikamwambia ajining'inize kwenye tawi la mpera ili mkono unyooke. Alifurahi sana. Aliomba tena mara saba. Mkono haukurefuka.

Jirani yangu Mwinyimvua alisimama mpakani, jembe begani, akatazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Akauliza, "Mwalimu Mikdad, huyu unampeleka jeshini?" Nikasema ni mazoezi ya afya. Mjukuu wake Alawi alitimiza miaka mitano mwezi wa Mei, na Mwinyimvua hutembea na cheti chake katika mfuko wa kanzu, kimefungwa kwenye nailoni. Alinionyesha bila kuombwa. Akaniliwaza kwamba nisione vibaya, kuna watu huwahi kuzaliwa na kuna watu huchelewa, yote ni majaaliwa.

Jioni nimeigundua kasoro. Si mkono. Ni nywele.

Jumatano, 8 Januari

Hafidha alimsuka Esha mabutu manene, na mkono unapopita juu ya mabutu hupoteza urefu. Hiyo ni hesabu ya kawaida. Asubuhi nilimpeleka mtoto kwa Bi Rukaya, anayenyoa watoto wa kijiji kizima. Bi Rukaya aliuliza mara mbili kama mama yake anajua. Nikasema mama yake atajua. Huo haukuwa uongo.

Amenyolewa kwa wembe. Kichwa kinameremeta. Tumepima tena, na kwa msaada mdogo wa bega, sikio limefikiwa.

Hafidha alipomwona alidhani ni mapunye. Nikasema ni kwa ajili ya joto. Alinitazama, akaingia ndani. Tangu hapo anazungumza nami kwa kumtuma Esha. Mwambie babu chai iko mezani. Mwambie babu nywele zile zilichukua mwaka mzima kuota. Esha hufikisha kila kitu neno kwa neno, na pale ambapo sijaambiwa kitu, huja kuniambia kwamba sijaambiwa kitu.

Nimemfundisha pia jibu. Nilimuuliza ana miaka mingapi, akasema minne. Nikamweleza kwamba akiulizwa shuleni, ni mitano. Alikubali bila mjadala. Mwanafunzi mzuri. Inasikitisha kumwacha nje ya darasa mtoto mwepesi wa kuelewa namna hii.

Alhamisi, 9 Januari

Siku ya kuandikisha. Nilivaa kanzu na koti.

Mwalimu mkuu ni Evarista, niliyemfundisha mwenyewe. Alisimama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikajua mambo yatakuwa mepesi. Walimu wengine wawili walikuwa mezani wakijaza daftari. Nilieleza kwamba karatasi za mtoto hazijapatikana, ila niko tayari apimwe hapo hapo kwa kipimo kinachoaminika. Kabla sijajibiwa nilimpa Esha ishara. Mkono ukapita juu ya utosi unaong'aa, akalishika sikio. Alilishika barabara. Hakuliachia hata nilipomwambia yatosha.

Evarista alisema kwa upole kwamba kipimo hicho hakitumiki tena. Kinapima mkono, hakipimi umri. Kisha akaniuliza kama namkumbuka alivyokuwa mtoto. Nikasema namkumbuka vizuri, alikuwa hodari wa hesabu.

Akasema hapana, kabla ya hesabu. Baba yake, marehemu mzee Fransisko seremala, alimleta kwangu mwaka 1987 na akamleta tena mwaka 1988, na mara zote mbili nilimrudisha. Mikono yake ilikuwa mifupi. Ni mifupi mpaka leo. Aliinyoosha juu ya meza, sote tukaiona. Baba yake alikuwa na cheti cha ubatizo mfukoni, chenye tarehe ya kuzaliwa, nami nikakataa kukitazama kwa kuwa sikio halihongeki. Alianza darasa la kwanza akiwa na miaka tisa, akikaa dawati moja na mdogo wake.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. Angekasirika ningejua la kujibu.

Baada ya hapo aliinama akamuuliza Esha ana miaka mingapi.

Esha akauliza, "Ya nyumbani au ya shuleni?"

Mwalimu mmoja alitoka nje ili acheke kwa nafasi. Evarista akasema aanze na ya nyumbani. Minne, akasema Esha. Na ya shuleni? Mitano, lakini hiyo amuulize babu, babu ndiye anayeijua.

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Esha aliniuliza kama amefaulu. Nikamwambia amefaulu yeye, amefeli mtahini.

Ijumaa, 10 Januari

Bado kuna barua ya mtendaji. Tangazo linasema wazi: asiye na cheti wala kadi, barua ya mtendaji wa kijiji. Na mtendaji, Hamidu, ni kijana mwenye heshima, hajawahi kunikatalia kitu.

Nilimfuata ofisini baada ya swala ya Ijumaa. Nilimwomba aandike mistari miwili tu, kwamba mtoto huyu anakadiriwa kuwa na miaka mitano. Neno "anakadiriwa" nililichagua mwenyewe. Halimfungi mtu.

Hamidu aliiweka kalamu mezani. Akasema, "Mzee wangu, hilo siliwezi. Akika ya Esha niliila."

Akaeleza, na kwenye benchi walikuwapo wazee wawili wakingoja huduma, nao wakasogea. Akika ya Esha ilifanyika wiki yake ya kwanza kazini. Mbuzi wa kuchinjwa alikata kamba, akaingia ndani ya ofisi ya kijiji, akatoka na muhuri mdomoni. Hamidu alimkimbiza mpaka katikati ya shamba la mananasi na kuchana suruali aliyoinunua kwa ajili ya kazi hiyo. Barua ya ajira iko ukutani, ndani ya fremu: Septemba 2020. Alinyoosha kidole, tukaisoma sote.

Mzee mmoja alisema anamkumbuka mbuzi yule, alikuwa mwekundu. Mwenziwe akasema mweusi, mwenye baka jeupe pajani. Wakabishana. Kuhusu mwaka hawakubishana hata kidogo.

Nikajitetea kwamba akika si lazima ifanywe siku ya saba tangu mtoto azaliwe. Inaweza kucheleweshwa, hata miezi minane. Wakakubali kwamba inaweza. Lakini Abdulswamad, mwadhini wetu, aliyekuwa amefika mlangoni, alinikumbusha kwamba siku ile mimi mwenyewe nilisimama nikahutubia nusu saa nzima juu ya fadhila za kuifanya siku ya saba bila kuchelewa. Alikumbuka hata mahali nilipokohoa.

Kosa ni langu, nalikubali. Nilialika kijiji kizima. Nilitangaza msikitini. Ningeita watu wachache, umri wa mtoto ungebaki siri ya familia.

Jumapili, 12 Januari

Hafidha ameanza kukunja nguo za Esha. Ni nguo chache. Zimeingia zote katika mfuko mmoja, na kandambili juu.

Alasiri alikuja mgeni. Ni Evarista, akitokea kanisani, na kitenge chake cha Jumapili. Hafidha alimkaribisha kwa shangwe, jambo ambalo kwangu halijaonekana tangu Jumatano. Wakakaa barazani wakazungumza kana kwamba mimi ni kiti. Hafidha aliingia ndani akatoka na kadi ya kliniki bila kuombwa na mtu. Evarista aliisoma, akatikisa kichwa, akasema ni miezi minane kamili.

Kisha akanigeukia. Alisema daftari la awali haliwezi kudanganywa, kwa sababu serikali hupanga walimu na vitabu kwa kulifuata. Lakini kuna njia. Mtoto ambaye umri wake haujatimia anaweza kuketi darasani kama msikilizaji, bila kuandikishwa, endapo mtu mzima wa familia yake atakaa naye kila siku, na endapo Afisa Elimu Kata atakubali. Darasa lina watoto wengi na mwalimu mmoja. Mzee aliyewahi kufundisha angefaa. Ningeketi mkekani, ningewafungia watoto vifungo, ningehesabu vikombe vya uji.

Hafidha alisema hilo analiafiki, kwa kuwa darasani hakuna paa la banda la kuku, na mwalimu ataniona nikisinzia. Ila kesho anaanza kazi. Mpaka jibu lipatikane, Esha akae Vigwaza.

Nilimsindikiza Evarista hadi njiani. Nilimuuliza kwa nini anajitaabisha, baada ya yale ya mwaka 1987. Na 1988, akasahihisha. Akasema, "Aliyenipima ni wewe, Mwalimu. Huyu hajanipima."

Nilitafuta neno la kumwomba radhi. Nimefundisha lugha miaka thelathini na mmoja na sikulipata. Nikamwambia barabara ina vumbi, ajihadhari na kitenge.

Akaniomba kitu kimoja. Barua kwa Afisa Elimu ataiandika yeye, mstari mmoja tu, na tarehe halisi ya kuzaliwa. Jibu litatoka Jumatano. Mimi kazi yangu ni kutofanya lolote. Aliuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Jumatatu, 13 Januari

Wameondoka kabla jua halijatoka. Bi Zuleha alimtuma mwanawe mwingine kuja kumpokea Esha njia panda. Esha alinipungia mkono kutoka dirishani mwa gari, halafu akalishika sikio lake la kushoto, kunionyesha kwamba bado anaweza.

Saa moja na nusu Mwinyimvua alipita na Alawi. Sare mpya, soksi mpaka magotini. Mwinyimvua alipunguza mwendo mbele ya nyumba yangu, akamwambia mtoto amwamkie Mwalimu. Alawi akaniamkia vizuri. Ni mtoto mwenye adabu, sina la kumlaumu zaidi ya babu yake.

Saa mbili. Kuku wamelishwa.

Saa tatu. Kuku wamelishwa tena.

Saa nne nilianza kuifikiria barua ya Evarista. Mstari mmoja. Mstari mmoja unaweza kusahaulika mezani, ukafunikwa na kikombe. Nilimwahidi kutofanya lolote, na kuiunga mkono barua ya mtu si kufanya lolote, ni kuunga mkono. Nikachukua karatasi.

Nimeandika kurasa nne. Utangulizi, historia ya elimu ya awali katika kata yetu, sifa za mtoto, sifa za babu yake, hitimisho. Nimeeleza kwa uaminifu kwamba Esha ana miaka minne. Katika ukurasa wa tatu nimeongeza kwamba kwa upande wa akili, na kwa mtazamo mpana, anaweza kuhesabiwa kuwa ametimiza mitano, na kwamba endapo Afisa ataona hivyo, basi aandikishwe moja kwa moja ili kuokoa muda wa wote. Nimeipeleka kwa mkono wangu kwenye ofisi ya kata. Karani alisifu mwandiko.

Jumatano, 15 Januari

Jibu limekuja, kwa kinywa cha Hamidu.

Afisa Elimu alikuwa amekwisha kuikubali barua ya Evarista. Kalamu ilikuwa mkononi. Ndipo karani alipomletea yangu. Sasa ana barua mbili juu ya mtoto mmoja, moja inasema minne na ya pili inasema minne lakini kwa mtazamo mpana mitano, zote kutoka kwa walimu. Amesema hawezi kuamua jambo lenye utata. Amelipeleka halmashauri, Chalinze. Hamidu hajui litachukua muda gani. Alilitaja jambo la mpaka wa shamba lililopelekwa huko kabla hajaajiriwa.

Evarista hakunilaumu. Aliuliza tu ni kurasa ngapi. Nilipomwambia, akafumba macho kidogo.

Hafidha amerudi kuzungumza nami ana kwa ana. Afadhali ilipokuwa kwa mjumbe.

Mchana, Hafidha akiwa bado kazini, nilikuwa nimempigia simu Bi Zuleha. Alinieleza, bila kuulizwa, kwamba Esha anakula vizuri, analala mchana, amepata rafiki aitwaye Vicky, na hamtaji mtu. Nikaomba kuzungumza naye. Esha alikuja kwenye simu, akaniamkia, nikamuuliza hali. Akasema nzuri, lakini ana haraka, wanacheza.

Nikabaki na simu sikioni. Bi Zuleha aliendelea kujisifia kituo chao. Kituo ni cha kijiji, alisema, hakuna malipo, na si kila mtoto anapokelewa. Ni wa miaka mitatu na minne tu. Akitimiza mitano, hana nafasi hata wiki moja, anarudishwa kwao.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Basi nimeandika barua kwa mlezi mkuu wa kituo cha Vigwaza, safari hii ukurasa mmoja, kwa kuwa mtu hujifunza. Nimemjulisha kwamba mtoto aitwaye Esha, kwa uzoefu wangu wa miaka thelathini na mmoja, ametimiza miaka mitano kamili, kwa hiyo hastahili kuwapo kituoni hapo, na arejeshwe nyumbani mara moja. Imeondoka na gari la mchana.

Hamidu aliposikia alikaa chini. Aliniambia kwamba Vigwaza na Kiwangwa ziko chini ya halmashauri moja, na kwamba barua zote za watoto hufika kwenye meza moja, kwa mtu mmoja. Nikamweleza kwamba haya ni mambo mawili tofauti, ya vijiji viwili tofauti, na kila barua ina kichwa chake cha habari. Sioni mgongano.

Halmashauri itakapoamua Esha ana miaka mingapi, nitaichukua tena kalamu.